Msiitie Hatiani Komiti Isiyoweza Kujibu

Ndugu zangu na dada zangu mnaoandika programu katika mji huu wa Goma, mlio Himbi, Katindo, Ndosho na Majengo, na ninyi mliovuka mpaka mkaishi Gisenyi au mkafika hadi Nairobi na bado kazi yenu inarudi nyumbani kila jioni: nisikilizeni. Nawasihi juu ya kosa linalotendwa kimyakimya mbele ya skrini, na wanaolitenda hulala usingizi mzuri kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni kosa. Mnatafuta hitilafu katika historia ya kazi yenu. Mnafika kwenye komiti ambayo haijengeki, programu haiwaki kabisa. Na kwa kuwa mmechoka, na betri inaelekea kuisha, mnaandika: hii ni mbaya. Hapo mmemhukumu asiyeweza kujibu.

Acheni!

Nieleze kwanza, maana baadhi yenu ni wanafunzi mlioanza juzi. Git hutunza kazi yetu hatua kwa hatua, na kila hatua iliyohifadhiwa ndiyo tunayoiita komiti. Ina jina la mwandishi, tarehe, saa na ujumbe wake. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia programu ya BitKeeper bila malipo, na mwaka uleule ikapata amri ya "git bisect". Amri hii hutafuta komiti iliyoingiza hitilafu. Unaiambia: hapa programu ilikuwa nzima, hapa imekwisha kuharibika. Nayo inakwenda katikati, inakupa komiti moja, inakuuliza kuhusu hiyo tu. Ukijibu, nusu ya historia inaondoka. Komiti 1,000 zinamalizwa kwa maswali yapatayo 10. Na historia yote imo ndani ya kompyuta yako, hata mtandao ukikatika kutwa nzima unaweza kuendelea. Katika mji ambamo kijana hununua megabaiti kwa kuhesabu sarafu, hiyo ni neema, nami naishukuru kila niitumiapo.

Lakini neema hiyo inasimama juu ya ukweli wa kila jibu. Git haina macho ya kukagua ulichosema. Ukisema uongo mara moja, inaitupa nusu yenye mkosaji, inaendelea na nusu isiyo na hatia, na mwishoni inakuletea jina. Jina hilo huja limeandikwa kamili, na tarehe yake, na saa yake, kwa utulivu uleule ambao lingekuja nao jina la kweli.

Tuchukue mfano tuuone kwa karibu. Tuseme kikundi cha vijana kinatunza programu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ya akina mama wa soko la Virunga. Mnajua likelemba ni nini kwetu, na mnajua imebeba nini tangu benki za mji huu zifunge milango Januari 2025 na fedha zikabaki kupita katika simu na mikononi. Mama mmoja anachanga kwa faranga, mwingine kwa dola, programu inabadilisha kwa kiwango cha siku na kuandika nani ametoa nini na zamu ya kupokea ni ya nani. Sasa hesabu zinapungua. Kidogo kwa kila mmoja, lakini kila juma. Mwezi uliopita hesabu zilikuwa sawa, na tangu hapo zimeingia komiti 64.

Vijana wanaanza kutafuta. Git inawapeleka kwenye komiti ya 32. Haijengeki: kuna jina la kazi moja, yaani function, lililobadilishwa katika faili la hesabu, lakini faili la risiti bado linaliita kwa jina la zamani. Komiti za 30 hadi 34 zote ziko hivyo, na ya 35 ndiyo iliyomalizia ukarabati. Kijana aliye kwenye kibodi hajui hayo. Anaona maandishi mekundu, anajibu "mbaya". Git inatii. Inampa ya 16: hesabu ni sahihi. Ya 24: sahihi. Ya 28: sahihi. Ya 30: mekundu tena, "mbaya" tena. Ya 29: sahihi. Basi hukumu inatoka: komiti ya kwanza yenye ubaya ni ya 30.

Mkosaji halisi yuko 47. Huko ndiko mtu alikobadilisha mpangilio wa hesabu, faranga zikawa zinakatwa sehemu ndogo kabla ya kugeuzwa dola badala ya baada yake. Hakuna aliyefika 47. Git iliambiwa isiende huko.

Na 30 ina jina la nani? Tuseme ni la binti aliye katika mafunzo ya kazi, aliyeanza kubadilisha jina la kazi ile mchana, umeme ukaondoka, akahifadhi alipofikia. Jioni anaitwa mbele ya shefu. Anaonyeshwa skrini. Anaambiwa kwamba fedha za akina mama zilianza kupotea katika komiti yake, na ushahidi ni huu hapa, umetolewa na mashine, mashine haina upendeleo. Enyi wapendwa, mnaufahamu mji huu. Mnajua shutuma ya fedha za likelemba haiishii ofisini. Inashuka mtaani, inafika kwa wazazi wake, inafika kanisani. Kidole kikinyooshwa hapa Goma hakirudishwi kwa urahisi, na tumeona watu wakilipa kwa miili yao kwa jambo ambalo baadaye lilijulikana kuwa si lao.

Wasomaji wa Maandiko wanamkumbuka Nabothi wa Yezreeli. Shamba lake la mizabibu lilitamaniwa na mfalme Ahabu, Yezebeli akaleta watu wawili wakasema neno ambalo halikuwapo, na mtu yule akauawa kwa mawe huku taratibu zote za hukumu zimefuatwa. Jambo linalonitisha katika habari hiyo ni kwamba taratibu zilifuatwa. Mashahidi waliitwa, baraza likakaa. Kilichokosekana ni ukweli wa kauli, na ulipokosekana, kila kilichofuata kikawa silaha. Ndivyo ilivyo "git bisect" mikononi mwa mwenye haraka.

Wako wanaojiona wapole. Wao wakifika kwenye komiti isiyojengeka wanasema "nzuri", kwa hoja kwamba hitilafu ya hesabu haikuonekana. Haikuonekanaje, na programu haikuwaka? Huyo naye ametoa kauli asiyoijua. Mkosaji angekuwa kabla ya 32, basi kwa neno hilo la huruma angefichwa moja kwa moja. Sikubaliani na upole wa namna hiyo hata kidogo. Unamwokoa mmoja kwa kumtupia lawama mwingine aliye mbele.

Basi Git imetupa jibu la tatu, na ni kwa ajili ya jibu hilo ninapaza sauti leo. Andikeni "git bisect skip". Maana yake: hii siwezi kuipima, usiihesabu upande wowote. Christian Couder, Mfaransa aliyeitumikia amri hii kwa miaka mingi, aliingiza mwaka 2007 uwezo wa kuiendesha bisect kwa skripti, na kuruka komiti nako kukapata nafasi yake katika kipindi hichohicho. Na kuna tatizo ambalo wengi hatulifikirii: komiti mbovu mara nyingi hukaa pamoja, mmoja akiruka 32 na kupewa 33, atakuta ubovu uleule, na 34 vilevile. Kwa hiyo Git huondoka pale, huchagua mahali palipo mbali kidogo kwa namna ya kubahatisha.

Rudieni mfano wetu. Katika 32 wanasema "skip". Tuseme Git inawapeleka 39. Inajengeka, hesabu ni sahihi: nzuri. Kisha 51: mbaya. 45: nzuri. 48: mbaya. 46: nzuri. 47: mbaya. Imekwisha. Komiti zile tano mbovu hazikuguswa tena, maana zilibaki upande uliokwisha kuthibitishwa. Angalieni gharama ya kusema "sijui": ni swali moja tu lililoongezeka. Na binti yule amekwenda nyumbani kula na wenzake.

Kwa nini basi kinywa kinakuwa kizito? Kwa sababu mbele ya shefu, mbele ya wateja, mbele ya mshirika wa mbali anayelipa, tumefundishwa kwamba asiye na jibu ni mjinga. Nasema mbele yenu wote: mtu anayejua mipaka ya alichokiona ndiye ninayemtaka mezani pangu.

Na sisi wa Goma tuna sababu kuliko wengi ya kulielewa hili. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, mlima Nyiragongo ulipasuka na ujiuji wa moto ukashuka kuelekea Buhene na uwanja wa ndege, bila mji kuwa umeonywa. Miezi iliyotangulia, kituo chetu cha uangalizi wa volkano kilikuwa kimepungukiwa fedha baada ya msaada wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020, na kwa muda mrefu kilikosa hata intaneti ya kupokea habari kutoka vituo vya mlimani. Siwalaumu wanasayansi wale; walikuwa wanafanya kazi bila mishahara ya uhakika. Ninachosema ni hiki: kituo kisichotuma habari hakisemi kwamba mlima umetulia. Wala hakisemi kwamba mlima unawaka. Mstari uliokatika kwenye grafu uachwe umekatika, kila anayeutazama aone kwamba hapo hakuna kipimo. Anayeujaza kwa kukisia, awe mwenye matumaini au mwenye hofu, anawadanganya watu wanaolala chini ya mlima.

Tena kuna Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, kwa kazi ya Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Kabla ya mwaka ule kwisha ilikuwa imeletwa kwa ajili ya Kongo ya mashariki, wakati vita vya waasi wa CNDP vilipokuwa vimeukaribia mji wetu. Watu walituma taarifa za mashambulizi, za njia zilizofungwa, za waliokimbia. Na katika programu ile taarifa iliweza kuonekana ikiwa na alama kwamba bado haijathibitishwa. Haikutupwa. Haikupewa heshima ya ukweli. Iliwekwa wazi jinsi ilivyo, mtu akajua anasimama juu ya nini. Walioiunda waliliona hilo katikati ya moto. Je, sisi tutashindwa kuliona mbele ya hitilafu ya hesabu?

Sasa nawageukia mnaotumia skripti, maana hapo kosa hutendwa bila mtu kufungua kinywa. Mnaandika "git bisect run ./jaribu.sh" na kwenda kunywa chai. Skripti ikimaliza kwa 0, Git inaandika nzuri. Ikimaliza kwa namba yoyote kati ya 1 na 127, inaandika mbaya, isipokuwa moja: 125. Hiyo 125 ndiyo "siwezi kupima". Ikizidi 127, msako wote unasimama. Basi tazameni skripti zenu. Ikiwa mmeandika "make" na jaribio chini yake bila kutenganisha, kushindwa kujenga na kushindwa kuhesabu vinatoka na sauti moja, na kila komiti isiyojengeka inatiwa hatiani mkiwa hampo. Andikeni "make || exit 125" kwanza, kisha jaribio. Ni maneno machache mno kwa heshima ya mtu!

Na tafuteni sababu nyingine za kunyamaza kwa komiti ambazo si zake. Skripti inapakua maktaba kutoka intaneti, mtandao umekatika, kujenga kunashindwa. Komiti ina kosa gani? Amri fulani haimo kwenye kompyuta hii. Ganda linarudisha 127, na 127 iko upande wa ubaya. Diski imejaa. Saa ya kompyuta imekosea. Kila kizuizi cha namna hii kirudishe 125, au bora zaidi, kiondolewe kabla ya kuanza: pakueni maktaba zote mapema, zihifadhini, endesheni skripti kwa mikono kwenye komiti mnayojua ni nzima na kwenye ile mnayojua imeharibika. Ikikosea hapo, haifai kumhukumu yeyote.

Yupo atakayeniuliza: na kama mkosaji amejificha ndani ya zile mbovu? Swali zuri, nami sitalikwepa. Tuseme hitilafu iliingia 33. Mtaruka 30 hadi 34, mtapata 29 nzuri na 35 mbaya, na Git itawaambia wazi kwamba haiwezi kuendelea. Itawaorodheshea komiti sita, 30 hadi 35, mojawapo ndiyo. Wapo wanaokasirika hapo. Mimi naiheshimu Git zaidi kwa orodha hiyo kuliko kwa jina moja. Sita kati ya 64, na hakuna aliyesingiziwa.

Kisha fanyeni kazi ya mikono. Zile komiti hazijengeki kwa sababu inayojulikana: jina la kazi katika faili la risiti. Tengenezeni marekebisho madogo ya hilo tu, yahifadhini kwenye tawi la pembeni. Halafu katika kila komiti mbovu, skripti ilete marekebisho hayo kwa "git cherry-pick --no-commit", ijenge, ipime hesabu, na kabla ya kuondoka ifute kila kitu kwa "git reset --hard". Marekebisho yakikataa kuingia, rudisheni 125. Kwa njia hiyo mmeipa komiti uwezo wa kujibu, na jibu ni lake. Lakini angalizo, nawaomba sana: marekebisho yasiguse faili la hesabu mnalolichunguza. Ukirekebisha kilekile unachokipima, unachosikia ni sauti yako mwenyewe.

Na mliokwisha kukosea? Mlango wa toba upo, na ni mwepesi. "git bisect log" inawaonyesha kila jibu mlilotoa tangu mwanzo. Ihifadhini kwenye faili, tafuteni mstari ambapo mlisema "mbaya" bila kupima, uondoeni pamoja na yote yaliyoufuata, kisha "git bisect reset" na "git bisect replay" kwa faili lile. Majibu ya kweli yanabaki, la uongo limeondoka, na msako unaendelea kutoka hapo. Halafu mfuateni yule mliyemtaja. Msimtumie ujumbe, nendeni, mkaseme mbele ya walewale waliosikia shutuma.

Lakini sitawaacha bila kugusa chanzo. Komiti mbovu hazikuanguka kutoka mbinguni. Sisi ndio tuliozipeleka kwenye tawi kuu. Najua kwa nini: taa zinacheza, unahifadhi kabla giza halijaingia. Fanya hivyo! Hifadhi mara mia kwa siku, kwenye tawi lako mwenyewe, hata zikiwa nusu. Ila kabla ya kuunganisha na kazi ya wenzako, kaa uzipange upya. Nusu mbili za badiliko moja ziwe komiti moja. Kisha "git rebase --exec" na amri ya kujenga na kujaribu: Git itapita komiti moja moja na kusimama pale penye ubovu, nawe urekebishe palepale. Ifanyike kabla ya kutuma, maana historia iliyokwisha kufika kwa wengine haigeuzwi kiholela, utawavunjia kazi. Na kama timu yenu inaunganisha matawi bila kuyasafisha, walau tumieni "git bisect start --first-parent", iliyopo tangu toleo la 2.29 la mwaka 2020. Itafuata mstari wa miungano peke yake na kuacha vurugu za ndani ya matawi.

Ninyi mnaoongoza timu, hili ni juu yenu zaidi. Msikubali jina la mtu liletwe mezani bila faili la "git bisect log" pamoja nalo. Lisomeni wote kwa sauti, mstari kwa mstari, mwenye jina akiwapo. Kwa kila "mbaya" ulizeni: ilijengeka? Nani aliiona ikihesabu vibaya, na kwa michango ya nani? Pasipo na jibu, pafutwe paandikwe "skip", na msako urudiwe usiku uleule, hata kama mteja anapiga simu.